Nusu ya Kidonge cha Baba

Kidonge cha presha kilikuwa juu ya kifuniko cha kopo. Mama fundi cherehani aligeuka kumimina maji, hatua mbili tu, na aliporudi hakipo. Asubuhi kweupe, mlango umefungwa, yuko peke yake na nguo za watu. Akadhani ni uzee, akatoa kingine.

Siku ya tatu akasikia mtu anameza huko chumbani, kwa shida, kama mwenye koo kavu.

Binti yake alipokuja kumpima presha, kipimo kilisoma mia moja tisini kwa mia moja kumi na tano.

"Mama, dawa humezi?"

"Anameza baba yako."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, tena anatabasamu. Binti akageuka kutazama mlango wa chumba. Baba alizikwa miezi minne iliyopita. Kiharusi kilimwangusha akiwa anafunga kamba za viatu.

Na hapa tuseme ukweli, jamani, maana wengi tunafanya. Wazee hawa wote wawili walikuwa na presha, na waligawana pakiti moja, kila mtu nusu kidonge, ili ifike mwisho wa mwezi. Daktari hakuambiwa. Mama aliamini kuwa nusu aliyoimeza yeye ndiyo iliyomuua mumewe. Sasa alikuwa anamrudishia.

"Yule si baba," binti alinong'ona. "Maiti hana presha, mama."

"Mbona ananiita jina letu la ndani? Wewe hulijui."

Mganga akaitwa. Akafukiza, akasoma, akaingia chumbani kifua mbele. Akatoka mbio na kiatu kimoja mguuni, akasemea barabarani kwamba yule ni jini aliyevaa sauti ya marehemu, na hatoki mpaka ashibe.

Kesho yake mama aliamka mdomo umeenda upande, na bado akakiweka kidonge juu ya kifuniko, na kule chumbani kitanda kikalia, nyayo zikaja taratibu, harufu ya udongo mbichi ikajaa mpaka kwenye nguo zilizotundikwa, na binti, ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kumwita, akasimama mlangoni, akatanua mikono, akasema huku analia, "Mwache mama yangu, nakuomba, mwache, kama lazima ule mtu basi unile mimi."

Nyayo zikasimama.

"Haya, mwanangu," sauti ya baba ikasema, karibu kabisa na sikio lake.

Mama akachukua kidonge, akameza mwenyewe.

Baada ya wiki mbili mdomo ulikuwa umerudi na cherehani inalia kutwa. Huko kliniki, nesi alimpima mama akafurahi, kisha akamgeukia binti kwa utani.

"Na wewe lete mkono, umenyamaza mno."

Akafunga kipimo, akasoma, akahamia mkono wa pili.

"Dada, una miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

Nesi akakitazama kipimo tena: mia mbili kwa mia moja ishirini. Alimsogezea kiti, akamwambia akae asiinuke, akaenda kumwita daktari.