Kombeo Halishonwi

Kila asubuhi Fundi alikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Aliwafungulia mbuzi kumi na sita, kisha akakaa mlango wa nyuma kwenye cherehani yake. Mguu ukanyage, mkono usukume kitambaa, na jicho moja libaki malishoni. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Kushona alianza tangu usichana. Mbuzi walikuwa kazi ya mumewe, na mumewe alifariki mwaka uliopita. Sasa maziwa ya watoto wake wawili na ya mama mkwe yalitoka kwa mbuzi hao hao, na mlinzi alikuwa yeye.

Malisho yalikuwa mteremko nyuma ya nyumba. Chini ya mteremko ilipita barabara ya machimbo ya mawe. Malori yalishuka hapo yamejaa kokoto hadi pomoni. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na majani mabichi, na mbuzi walilijua hilo. Aliyewaongoza ni beberu mmoja mwenye ndevu ndefu, ambaye watoto walimwita Mheshimiwa, kwa sababu alitembea mbele ya wenzake na hakumsikiliza mtu.

Marehemu alikuwa na dawa ya Mheshimiwa. Alisimama juu ya mteremko na kombeo lake, akarusha mara moja tu. Kitu kilianguka mbele ya pua ya beberu, puu, na kundi zima likageuka. Kombeo hilo lilikuja kuliwa na panya. Fundi alibaki na mbio. Lakini akifika chini anahema, mbuzi wameshavuka. Katika miezi miwili, wawili walikanyagwa, wakabaki hao kumi na sita.

Ndipo akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu. Yeye ni dereva wa lori katika barabara hiyo hiyo. Aliongea amesimama.

"Shemeji, sikuja kwa ubaya. Juzi dereva mwenzangu alimkwepa mbuzi wako, lori likateleza hadi ukingoni. Akiingia mmoja tena barabarani, nawachukua wote nikawaweke mbali. Bora uninunie kuliko nizike mtu mwingine."

Aliyosema yalikuwa kweli. Lakini mbuzi wakiondoka, watoto watakunywa nini?

Siku hiyo hiyo Fundi alifanya kile anachokijua. Alichukua jinzi kuukuu, akakata mikanda miwili, akaikunja mara nne, akaipitisha kwenye cherehani mara mbili. Katikati akashonea kipande cha ngozi cha kushikia jiwe. Kombeo likatoka zuri kama mkanda wa dukani. Mama mkwe alilishika, akalisifu, akasema marehemu angelionea wivu.

Fundi alitoka uani kulijaribu. Mama mkwe alikaa nyuma yake kwenye kigoda, akichambua maharage. Jiwe la kwanza lilikwenda vizuri. La pili pia. La tatu Fundi alilizungusha juu ya kichwa mara tano, apate nguvu. Mshono wa ngozi ukafumuka wakati jiwe liko upande wa nyuma. Alisikia ungo ukianguka.

Mama mkwe alikuwa ameshika bega, akiyatazama maharage yaliyomwagika kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Kwenye zahanati, mganga alisema mfupa wa mtulinga umepata ufa. Mkono ungefungwa wiki sita. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba jiwe lingepiga juu kidogo tu, wangekuwa wanaongea mengine. Njia nzima ya kurudi, Fundi alimshika mama mkwe kiunoni na hakuweza kumtazama usoni. Moyoni alishaamua kumpigia simu shemeji aje awachukue mbuzi.

Lakini habari iliwahi kufika kabla yao. Walimkuta Shangazi Redio mlangoni. Huyu hakuwa shangazi wa mtu mmoja, alikuwa shangazi wa mtaa. Alisuka kamba za kufungia mizigo, na kila jambo lilipita kwake kabla ya kumfikia mwenyewe. Alitoa pole, akamweleza mgonjwa kwamba njiani amesikia habari hii kwa namna tatu, na katika mojawapo mgonjwa ameshazikwa. Mama mkwe alicheka, akaumia, akamwomba aache.

Kisha Redio aliliokota kombeo la jinzi, akaligeuza mara mbili.

"Mshono wako hauna kosa, Fundi. Kosa ni kushona. Kila sindano inapopita inaacha tundu, na jiwe linapozunguka linavuta palepale penye tundu. Kombeo halishonwi, linasukwa. Kamba ile ile inaanzia kidoleni, inapita penye jiwe, inarudi mkononi. Haina kiungo cha kufumuka."

Fundi alisema hataki tena kuona kombeo maishani mwake. Mama mkwe ndiye aliyemjibu.

"Bega ni langu, na mimi nataka ujifunze. Hao mbuzi ni wa mwanangu."

Kesho yake Redio alileta kamba ya katani, nyembamba kama mrija wa wino wa kalamu. Aliikataa ya nailoni kwa sababu inateleza na fundo lake hulegea. Alikata kamba tatu, kila moja pima mbili za mikono iliyotandazwa, na dhiraa moja ya kiwiko hadi ncha ya kidole. Fundi aliona ni ndefu mno. Redio akamwambia kusuka kunakula kamba, karibu theluthi yote. Anayekata kwa kubana huishia na kombeo la kurushia panzi. Akazilowanisha ili zishikane.

Kisha akanyamaza. Watoto walitazamana, kwa kuwa hawakuwahi kumwona Redio kimya. Alianza katikati ya kamba zote tatu, akasuka kipande kifupi cha urefu wa kidole. Akakikunja kikawa kitanzi. Sasa ncha zilikuwa sita. Akazishika mbili mbili, zikawa tatu nene, akasuka kushuka chini: ya kulia ipite juu ya katikati, ya kushoto ipite juu ya katikati, na kila mara avute. Alikoma kitanzi kilipofika begani na msuko kwenye ncha za vidole vya mkono ulionyooshwa. Hapo akazigawa zile sita makundi mawili, akasuka misuko miwili myembamba iliyolala sambamba, kila mmoja wenye urefu sawa na upana wa kiganja. Katikati yao ndipo jiwe hukaa. Akaziunganisha tena, akasuka upande wa pili hadi ukalingana na wa kwanza, akamaliza kwa fundo.

"Nimeliona," alisema Fundi.

"Umeliona, hujalisuka," alisema Redio, akalifumua lote.

Msuko wa kwanza wa Fundi ulikuwa mzuri wa kutazama, lakini laini. Vidole vyake vilizoea hariri. Redio aliingiza kidole katikati ya msuko, kikapita. Akamuuliza kama anamsuka bibi harusi. Fundi alifumua, akaanza upya. Wa pili ulibana upande mmoja na kulegea mwingine, akafumua tena. Wa tatu ulimchubua vidole viwili. Redio alikanyaga katikati ya kombeo, akavuta ncha zote mbili kwa nguvu za mwili wake wote. Halikulegea. Wakalitundika na tofali chini yake, likauke limenyooka.

Wiki mbili mbuzi walifungwa, wakakatiwa majani. Kila alasiri Fundi alikwenda kwenye uwanja mtupu. Redio hakumruhusu kurusha mpaka wahakikishe hakuna mtu hatua hamsini pande zote, na nyuma pia. Kitanzi kilikaa kwenye kidole cha kati. Fundo alilibana kwa gumba na kidole cha shahada, akaliachia mkono ulipoelekea anapotaka. Mzunguko mmoja tu. Badala ya mawe, walitumia mabonge ya udongo mkavu, yanayopasuka yakianguka. Na mbuzi halengwi. Hulengwa mahali anapotaka kwenda.

Siku aliyowafungulia, Mheshimiwa hakupoteza muda. Alishuka moja kwa moja, na wote wakamfuata. Juu ya kona Fundi alisikia lori likishuka. Kwa mngurumo wake alimtambua dereva kabla ya kuona uso: ni shemeji. Beberu alikuwa amebakiza hatua kumi kufika barabarani.

Fundi aligeuka kwanza kutazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Akazungusha mara moja, akaachia fundo. Bonge lilipasuka mbele ya beberu, vumbi likamfunika ndevu. Aliruka kando, akageuka, na kundi likageuka naye. Lori likapita.

Lilisimama mbele kidogo. Shemeji alipanda mteremko kwa miguu. Fundi hakumsalimia, alikuwa akihesabu mbuzi kwa kidole. Walitimia kumi na sita.

"Mguu ulikuwa umeshafika kwenye breki," alisema shemeji. "Kaa nao, shemeji. Na kule chini kuna wachungaji wawili wenye shida hii hii. Ungewafundisha."

"Waje," alisema Fundi. "Lakini tutarushia kule uwanjani. Hapa anakaa mama."