Sura Imetambulika

Mshauri wa ndoa alikuwa ameshalia machozi ya watu wawili, ya mume kwa jicho la kushoto na ya mke kwa jicho la kulia, ndipo sauti ilipotoka ndani ya kompyuta:

"Hayo ya kushoto ndiyo yangu?"

Aliganda, mdomo umebinuka, kidole puani, maana mke wa seremala alipolia ndivyo alivyofanya. Kioo kilikuwa cheusi. Kile kitaa cha kijani kinachoonyesha kwamba kamera inatazama kilikuwa kimezimika, alikizima mwenyewe dakika tano nyuma, baada ya kuwaaga seremala na mkewe kwa sauti yake ya asali: "Siri zenu kwangu ni kama zimezikwa." Sasa seremala alikuwa akipumua kutoka ndani ya weusi ule, na nyuma yake mwanamke alikuwa akipenga kamasi za kweli.

"Ndugu yangu," mshauri alisema, akikiteremsha kidole taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha watu, "hii ni mbinu ya kitaalamu."

"Ya kuchokonoa pua?"

"Ya kuuvaa uchungu wa mteja."

"Basi uvue," alisema seremala. "Unautia uchafu." Na akakata.

Haki ya mtu apewe: mshauri hakuwa mtu mbaya. Kwa miaka ishirini alikuwa amesuluhisha ugomvi wa sufuria, wa mawifi, wa nani alikoroma na nani alinuna. Amealikwa kuhutubia katika miji kumi na mmoja, akalala hoteli zenye mito minne kitandani, akarudi nyumbani na sabuni zao ndogondogo. Ila alikuwa na kitabia. Daktari akimaliza kazi hunawa mikono. Yeye akimaliza alikuwa akiwaigiza wateja wake, sauti kwa sauti, kamasi kwa kamasi, mpaka kifua kiwe chepesi. Zamani wateja walipokuwa wakija sebuleni, alikuwa akisubiri geti lifungwe kwanza. Aliyekijua kitabia hicho ni mkewe peke yake, muuguzi wa wodi ya watoto. Mwanzoni alikuwa akicheka. Baadaye akaacha.

"Siku moja uso wako utazoea," alimwambia.

Ile kompyuta mpakato ilikuwa mpya. Siku ya kwanza kuiwasha, ilimwomba uso wake kwa adabu za muuza mitumba: itazame kamera, geuza shingo, sogea kidogo, tabasamu ukipenda. Ikaomba na alama ya kidole gumba, tena na sauti.

"Kumbe mashine nazo zinachumbia," alisema mshauri, akaibinulia mdomo kwa dharau, mdomo wa juu kulia ukapanda mpaka jino la pembeni likaonekana. Mashine ikaupokea uso huohuo. *Sura imetambulika.*

"Umesoma wanachotaka?" mkewe aliuliza.

"Kurasa arobaini! Nani anasoma?" Akabonyeza Nakubali, Nakubali, Nakubali, mara saba, kama bwana harusi anayeogopa bibi harusi asibadili mawazo.

Tangu siku hiyo mashine haikufunguka mpaka aibinulie mdomo. Akitabasamu, inakataa. Akikunja uso, inakataa. Akiidharau, inafunguka. Mkewe alibandika kipande cha plasta ya hospitali juu ya jicho la kamera. Mshauri akakibandua siku hiyohiyo.

"Wataona nini? Kitambi? Wakitazame mpaka wakome."

Siku mbili baada ya ile aibu mbele ya seremala, saa sita mchana, jua linawaka na majirani wanapigiana kelele kuhusu bomba la maji, mshauri alikuwa jikoni peke yake akiosha kikombe. Akasikia kutoka chumba cha kazi ule mlio mdogo wa mashine kufunguka. Ting.

Alikuwa ameiacha imefungwa, kifuniko kimeshuka.

Akaenda, kikombe mkononi, povu likidondoka. Kifuniko kilikuwa juu. Kioo kiling'aa: *Sura imetambulika. Karibu tena, Mshauri.* Kiti kilikuwa kitupu. Lakini mto wa kiti ulikuwa umebonyea, na mbele ya macho yake ukaanza kuinuka polepole, kama sponji linavyoinuka mtu akishatoka kulikalia. Chumba kilinuka nywele zilizoungua, na chini ya harufu hiyo ilikuwepo nyingine, ya sarafu iliyofumbatwa siku nzima kwenye kiganja chenye jasho.

Akaifunga mashine. Ilikuwa ya moto, moto wa paji la uso la mgonjwa.

"Makosa ya kiwandani," alisema kwa sauti, ili asikie mtu akisema jambo la akili.

Ndani ya mashine iliyofungwa, kitu kikacheka kidogo. Kicheko alikijua. Kilikuwa chake.

Kesho yake alipigiwa simu na fundi cherehani, mteja wake wa muda mrefu, mama aliyekuwa akijaribu kupatana na mumewe kwa mara ya tatu.

"Mshauri, nimekukosea nini?" Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeongea akiwa amejifungia. "Jana saa tisa ulinipigia kwa video ukanitazama. Nikalia. Na wewe ukalia. Kwa sauti yangu! Mpaka na kikohozi changu."

"Dada yangu, jana saa tisa nilikuwa kwa kinyozi."

"Uso ulikuwa wako. Mdomo umeubinua hivi... siwezi hata kuuonyesha."

Kufikia Ijumaa wateja waliolia kwenye simu walikuwa sita. Saa kumi na moja jioni mkewe alirudi kutoka zamu, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Kwa nini ulinipigia kazini?"

"Sijakupigia, mke wangu."

"Nilikuona. Ulikuwa unaniigiza." Alikuwa akiongea taratibu, kama anavyoongea na ndugu wa marehemu. "Vile nilivyokuwa siku ile stoo ya mashuka. Na shuka mdomoni, ili wodi isinisikie nikilia. Lile jambo nilikwambia wewe. Wewe peke yako, humu ndani, miezi miwili iliyopita."

Mshauri alitaka kuapa, lakini jicho lake lilikwenda lenyewe kwenye meza. Miezi miwili iliyopita, mke alipokuwa akisimulia, mashine ilikuwa pale pale, kifuniko wazi, kitaa kimezimika. Walikuwa watatu.

"Haki ya Mungu sikuwahi kuliigiza hilo," alinong'ona. "Hilo sikuligusa kamwe."

"Na hata sasa," alisema mkewe, "unanibinulia mdomo."

Akaupapasa. Ulikuwa juu, jino liko nje. Akauvuta chini kwa vidole viwili. Alipouachia ukaruka juu kama kamba ya manati.

"Nakupa mpaka Jumapili," alisema muuguzi. "Uso huo ukibaki humu ndani, mimi sibaki."

Jumamosi adhuhuri mshauri alikaa mbele ya mashine ili aufute uso wake kwenye kumbukumbu zake. Hakuhitaji kufanya kitu. Ilifunguka yenyewe, ikamwonyesha mwenyewe kiooni, shati hilohilo, kipara hichohicho, na mwanzoni akaona nafuu, kisha akagundua kwamba yeye amenyamaza na yule wa kiooni anatafuna kitu, anatafuna taratibu bila haraka yoyote, na kila akimeza uso unabadilika, unakuwa wa fundi cherehani, unakuwa wa mke wa seremala na kidole chake, unakuwa wa muuguzi na ncha ya shuka jeupe ikining'inia mdomoni, na ile harufu ya nywele inapanda mpaka machozi yanamtoka, na machozi yalipomtoka yule wa kiooni akayafuta ya kwake, akasogea karibu mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo, kwa upande wa ndani.

"Nani wewe?" mshauri alinong'ona.

"Mshauri," kikajibu, kwa sauti yake ya asali. "Siri zako kwangu ni kama zimezikwa."

Jumapili saa nne asubuhi muuguzi, aliyekuwa ameshasimuliwa ya jana, alimleta shangazi yake, mwanamke mfupi mwenye mfuko wa rambo, aliyekuwa akitoa majini tangu ujana wake. Watu walimwita Bi Mkato kwa sababu hakuwa na subira ya kumalizia salamu. Aliitazama kompyuta, akaikoromea.

"Ndiyo hiki?"

"Ndiyo, Shangazi."

Akavuta kiti, akakaa mbele ya kioo kama karani anayemhoji mwizi wa kuku. "Wewe! Zamani jini lilikuwa na hadhi. Lilikaa jangwani miaka mia saba likimsubiri mfalme. Wewe unakaa kwenye sanduku la plastiki ukisubiri chaja. Huoni haya?"

Feni ya mashine ikavuma. "Nilialikwa," ilisema sauti, na safari hii haikuwa ya mtu yeyote. Ilikuwa kama mlango unaoburuzwa kwenye sakafu. "Mara saba."

Bi Mkato akageuka. "Kweli, mkwe?"

"Nilibonyeza tu, Shangazi."

"Ulisoma?"

"Zilikuwa kurasa arobaini..."

"Basi hukurogwa. Ulijisajili."

Akatoa bakuli, akaanza kumimina maji karibu na waya. "Shangazi, umeme huo!" muuguzi alipiga kelele. Bi Mkato akalisogeza bakuli pembeni, akinung'unika kwamba siku hizi hata kufukuza jini lazima uwe na cheti cha fundi umeme.

Akataka aonyeshwe neno la kukataa liko wapi. Walilitafuta nusu saa nzima. Nakubali ilikuwa kubwa, ya buluu, mlangoni kabisa. Sikubali ilikuwa chumba cha ndani cha mwisho, herufi za kijivu juu ya kijivu, ndogo kama mayai ya chawa. "Jini hili si la kwanza humu," alisema Bi Mkato. "Waliotengeneza mlango huu ni ndugu zake."

Mshauri alitakiwa abonyeze mara saba, kila mara akilitazama lile jicho kwa uso ulionyooka. Mara ya kwanza mdomo ukapanda, na mashine ikaandika: *Sura imetambulika. Asante kwa kuendelea nasi.* Mara ya pili ukapanda tena.

Muuguzi alitoa plasta mfukoni, akakata kipande kwa meno, akauvuta mdomo wa mumewe chini, akaubandika kidevuni kwa nguvu za mtu aliyebandika watoto elfu.

"Fasta," alisema, "kabla jasho halijaibandua."

Mshauri akabonyeza. Bi Mkato alikuwa akisoma maneno yake kwa pumzi moja. Kutoka kwenye mashine vilio vikaanza kumwagika, cha fundi cherehani, cha mke wa seremala, cha wengine ambao mshauri hakuwakumbuka hata sura ila aliwahi kuwacheka, miaka ishirini ya vilio, vinapandana, meza inatetemeka, maji ya bakuli yanachemka bila moto, "Uli-ku-ba-li," sauti ya mlango inaburuzika, "uli-ku-ba-li, mara saba," na chini ya vilio vyote muuguzi akasikia chake, kile cha stoo, akaushika mkono wa mumewe akaubonyeza mwenyewe kidole kwa kidole, ya tano, ya sita, na ya saba.

Feni ikasimama. Harufu ikakatika kana kwamba mtu amefunga dirisha. Kioo kikaandika: *Sura haitambuliki.*

"Na isitambulike milele," alisema Bi Mkato, akachukua kipande cha plasta akakibandika juu ya jicho la kamera.

Plasta ya mdomoni ilipobanduliwa, iliondoka na nusu ya masharubu. Mdomo ulishuka, lakini haukufika chini.

"Huo hauko kwangu," alisema Bi Mkato akikunja mfuko wake. "Uko kwa waliochekwa. Waendee kwa miguu, uso kwa uso, useme kweli. Kila atakayekusamehe ataushusha kidogo."

Wa kwanza alikuwa ndani ya nyumba. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, akainama akavua viatu. Fundi cherehani alimsamehe akiwa na pini mdomoni. Wengine watano walimsamehe pia, maana habari ya jini ilikuwa imeshawafikia, na mtu hamkatalii msamaha aliyeibiwa uso wake. Kila alipotoka kwenye nyumba, mdomo ulishuka kidogo, mpaka ikabaki pembe moja tu, upande wa kulia, kama pembe ya pazia lililonasa kwenye msumari.

Akaenda kwa seremala.

Karakana ilinuka mbao mbichi na gundi. Seremala alikuwa akipiga randa fremu ya dirisha. Mkewe alikuwa amekaa kwenye gogo akisugua mguu wa kiti kwa msasa. Hakuna aliyemkaribisha kiti. Mshauri alisimama mlangoni, akaanza kusimulia. Kufikia hapo hadithi ilikuwa imeshapata mapambo: kitaa kilichozimika, kiti kilichobonyea, maji yaliyochemka, maneno ya Bi Mkato. Aliisimulia vizuri. Mke wa seremala aliacha msasa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mnaona, ndugu zangu," alimalizia, mkono kifuani, "lilikuwa jini."

Seremala aliinua fremu, akaifumbia jicho moja kuona kama imenyooka, akapuliza vumbi.

"Kidole puani ni cha jini?"

"Hapana, ila..."

"Jini lilifungua dirisha tu, Mshauri. Ndani ulikuwa wewe. Sasa toka hapo mlangoni, unanizibia mwanga."