Picha za Meksiko Zafika Ikutha

Nzuki alikuwa seremala katika mji mdogo wa Ikutha, Kitui. Karakana yake ilikuwa kando ya soko, karibu na mahali pa kuuzia mbuzi. Kila asubuhi mkewe, Nzilani, alimletea uji. Kila asubuhi alikuta kichwa cha mumewe kimejaa unga wa mbao.

"Baba Kavata, umeota mvi tena!" Nzilani alisema, na wote wawili walicheka.

Lakini asubuhi moja Nzilani hakucheka. Aliweka kikombe juu ya meza.

"Kavata amekataa kwenda shule," alisema.

"Ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Watoto wanamcheka. Akipita wanalia kama mbuzi. Meee! Meee!"

Nzuki aliacha kazi. Alijua maana ya kilio hicho. Watu wa Ikutha walisema kwamba nyanya yake Nzuki hakuwa mtu wa pale. Walisema alinunuliwa zamani, kwa mbuzi mmoja. Nzuki mwenyewe alichekwa hivyo hivyo alipokuwa mdogo.

"Tunyamaze," alisema. "Jambo kama hilo ukilisema, linakua. Ukinyamaza, litakufa."

"Tumenyamaza tangu unioe," Nzilani alijibu. "Mbona halijafa?"

Nzuki alichukua kikombe. Alikunywa uji wake, ingawa haukuwa na ladha siku hiyo.

Wiki hiyo mwanamke mmoja alifika karakanani. Jina lake lilikuwa Sauda Faki. Nzuki aliijua familia yake, Waislamu wa mjini Kitui. Baba yake aliuza vitambaa kule. Sauda alifanya kazi katika makumbusho. Alizunguka na maonyesho ya picha kutoka mji hadi mji.

"Fundi, nataka mbao za kutundikia picha," alisema. "Tutazionyesha katika ukumbi hapa sokoni."

"Picha za nani, madam?"

"Za watu weusi wa Meksiko."

Nzuki alicheka. "Meksiko niliiona kwa televisheni, wakicheza mpira. Huko hakuna watu weusi."

"Nitengenezee mbao," Sauda alisema, "halafu uje uone."

Nzuki alizitengeneza mbao na kuzipeleka ukumbini. Yeye alipiga misumari, Sauda akatundika picha. Muda si muda, Nzuki alisahau nyundo iliyokuwa mkononi. Mbele yake alikuwa mwanamke mweusi akitwanga kwenye kinu. Pembeni yake alikuwa mwanamume mweusi juu ya farasi, akichunga ng'ombe. Tena kulikuwa na nyumba ya mviringo, ya udongo, yenye paa la nyasi.

"Wacha!" alisema. "Nyumba hii ni ya hapa kwetu, ya Tseikuru."

"Ni ya Meksiko. Zamani walijenga hivyo, kule karibu na bahari."

Picha iliyofuata ilimfanya Nzuki arudi hatua moja nyuma. Ilikuwa ya watu waliovaa vinyago vyenye pembe na ndevu ndefu.

"Hii uifunike, tafadhali," alisema. "Wazee wa kanisa wakiiona, watatoka na viti walivyotuazima."

Sauda alicheka sana. "Hiyo ni ngoma yao. Wanaiita ngoma ya mashetani. Huicheza wakati wa kuwakumbuka watu wao waliokufa. Soma maelezo kwanza, fundi. Kisha ukitaka kuogopa, uogope."

Nzuki alisoma. Hakuogopa. Lakini sasa alikuwa na swali.

"Walifikaje huko mbali?"

"Walipelekwa kwa nguvu," Sauda alisema. "Wahispania walitawala Meksiko. Walileta Waafrika kwa meli, zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Wengi walitoka magharibi ya Afrika. Wachache walitoka upande wetu huu. Walifanyishwa kazi katika mashamba ya miwa, katika migodi na kwa ng'ombe. Wengine walitoroka, wakaingia milimani. Mmoja aliitwa Yanga. Yeye na wenzake walipigana mpaka wakapewa mji wao, wakaishi huru."

"Kwa hivyo walinunuliwa," Nzuki alisema polepole. "Na wajukuu wao wanaandika hivyo chini ya picha, watu wasome? Hawaoni aibu?"

Sauda alimtazama. "Fundi, mwizi akiiba ng'ombe wako, nani aone aibu? Wewe au mwizi?"

"Mwizi."

"Basi."

Nzuki aliketi juu ya ubao. Akamweleza Sauda habari za Kavata, na za nyanya yake. Hakuwahi kumweleza mtu yeyote nje ya nyumba yake.

"Na mama yako yuko hai?" Sauda aliuliza.

"Yuko."

"Umemuuliza?"

"Hapana."

"Watu hawa pia walinyamaza," Sauda alisema. "Kwa miaka mingi vitabu vya shule vya nchi yao havikuwataja. Wengine walificha ukoo wao. Sasa wanawauliza wazee, wakiwa bado hai. Muulize mama. Lakini usianze na lile linalouma. Uliza nyanya alipika nini, aliimba nini. Akinyamaza, mwache. Na asichokijua, usimjazie."

Jioni Nzuki alimkuta mama yake, Ndululu, akichagua kunde. Alikaa karibu naye, akamwita mama kwa Kikamba.

"Mwaitu, mama yako alipenda kupika nini?"

Ndululu alimwangalia. "Wewe leo umekula nini?"

"Nimeuliza tu, mwaitu."

"Ndizi!" Ndululu alisema. "Alizililia ndizi. Hapa Ikutha, kwa jua hili! Alipanda mgomba kando ya kisima. Mbuzi wakaula wote." Alicheka mpaka kilemba kikalegea. Nzilani na Kavata walisikia kicheko, wakaja.

Kisha Ndululu akaendelea bila kuulizwa.

"Mama alikuwa mtoto wakati huo. Msafara ulipita hapa, ukipeleka watu pwani kuuzwa. Miguu yake ilikuwa imevimba. Wenye msafara walitaka kumwacha njiani aliwe na fisi. Mwanamke wa hapa akasema, nipeni mimi. Wakakataa kumtoa bure. Yule mwanamke alikuwa na mbuzi mmoja tu. Akamtoa. Akamlea mtoto kama wa tumbo lake, akamwita Syokau."

"Alitoka wapi, susu?" Kavata alimuuliza nyanya yake.

"Hakujua. Alikumbuka mto na ndizi, basi."

Nzuki alitaka kusema, labda ni huku, labda ni kule. Akakumbuka maneno ya Sauda, hakumjazia.

"Mbona hukuniambia, mwaitu?"

"Mbona hukuuliza? Nilikuona kimya. Nikadhani unamwonea mama yangu aibu."

"Hapana, mwaitu," Nzuki alisema. "Hapana."

Siku ya maonyesho Ndululu alivaa nguo ya kanisani. Alisimama mbele ya picha ya bibi mmoja wa Meksiko, akamsalimu kwa Kikamba.

"Mama, huenda huyu si wa ukoo wenu," Sauda alisema kwa upole.

"Najua. Kwani salamu ni ya ukoo peke yake?"

Mara watoto wa shule wakaingia na mwalimu wao. Mmoja alimwona Kavata. Akalia, "Meee!"

Kavata aliinamisha kichwa. Ndululu aligeuka.

"Nani anamtafuta mbuzi?" aliuliza. "Kaeni chini. Habari za mbuzi huyo ninazo mimi."

Watoto walicheka, wakakaa. Ndululu alisimulia yote, miguu iliyovimba, fisi, na yule mwanamke. Alipomaliza, hakuna aliyelia kama mbuzi. Msichana mmoja aliuliza, "Huyo mwanamke, baadaye alipata mbuzi mwingine?"

"Alipata," Ndululu alisema. "Nyanya yangu hakuwa mvivu."

Jumatatu Kavata alirudi shule. Mwalimu alianza kuwaalika wazee kusimulia. Nzuki naye alipewa kazi tena. Maonyesho yalikuwa yakienda Mutomo, na Sauda alitaka ubao mmoja zaidi, kwa habari za Ikutha. Kavata ndiye aliyeandika maelezo.

Kule Mutomo, Kavata aliyasoma mbele ya watu: "Syokau aliletwa Ikutha na msafara akiwa mtoto. Aliokolewa na mwanamke mwenye mbuzi mmoja. Jina lake la kwanza hatulijui. Sisi ni watoto wake."

Watu walipiga makofi. Nzuki alijifuta macho kwa mkono.

"Soma tena," Ndululu alimwambia mjukuu wake. "Kuna wengine wameingia sasa hivi."