Sala Niliyoituma Bila Kuisali

Kila nikitoka shule hushinda kibandani kwa mama, fundi cherehani. Yeye hushona, mimi hutia vifungo na kumsomea ujumbe wa wateja, maana macho yake na maandishi madogo hayapatani. Simu ikilia, mimi ndiye katibu mkuu!

Siku hiyo sikuwa na raha. Shangazi alikuwa amelazwa hospitali, kesho yake apasuliwe. Mara ukaingia ujumbe: sala ndefu, picha ya msalaba, na chini yake, "Tuma kwa watu kumi na wawili kabla jua halijatua. Aliyepuuza alifiwa."

Sala inaweza kuwa mbaya? Lakini Mungu gani huyu anayetisha watu? Na nisipotuma, halafu shangazi akafa? Nilichanganyikiwa kabisa. Nikasema liwalo na liwe, nikatuma kwa wateja kumi na mmoja. Wa kumi na mbili nilimkosa, nikamtumia shangazi mwenyewe.

Asubuhi mama alipigiwa simu kutoka hospitali.

"Presha ya wifi imepanda, upasuaji umeahirishwa," mama aliniambia. "Analia tangu jana, eti kuna ujumbe na hana salio la kuutuma. Mjinga gani kamtumia mgonjwa mambo hayo?"

"Ni mimi, mama."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga! Alimpitia katekista, mwalimu wa dini anayeniandaa kwa sakramenti ya Kipaimara, tukaenda wote hospitali. Nilipiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, shangazi. Nisamehe. Niliogopa utakufa."

"Marahaba. Kumbe ni wewe, Redio?" Ndivyo anavyoniita kwa maneno yangu mengi. "Kwa hofu hata namba sikuitazama, nikadhani mauti yananiandikia!" Akacheka huku machozi yakimtoka.

Bado sikuelewa. "Katekista, ile si ilikuwa sala? Kosa langu liko wapi?"

"Maneno ya juu yalikuwa sala, ya chini vitisho," alijibu. "Mungu hahesabu umewatumia wangapi. Hebu niambie, wewe mwenyewe uliisali?"

Watu kumi na wawili niliwatumia, lakini kumwombea shangazi, sikumwombea hata kidogo. Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Basi tumwombee sasa," alisema. Tukasali Baba Yetu, polepole, shangazi kanishika mkono.

Jioni presha yake ilishuka, na kesho yake akapasuliwa salama. Mama alinipa simu niwaandikie wale kumi na mmoja kuwaomba radhi, mmoja mmoja. Vidole viliniuma!

Shangazi aliporudi nyumbani aliniita.

"Redio, simu haina kosa, na imani haina kosa," alisema. "Ila Mungu alikupa na akili. Kabla hujatuma kitu, jiulize: unatumwa na upendo au na hofu? Na ukitaka kuniombea, usinitumie ujumbe. Niombee."