Vitabu Havikuegemea

Mama Rafu alikuwa amepiga magoti mbele ya rafu ya mwisho ya ghala la chini, akivisimamisha vitabu vilivyolaliana, mlinzi aliposhuka ngazi kumwita. Hata kabla ya kuitwa, moyo wake haukuwa umetulia. Vitabu vile vilikuwa vimeegemea. Jana havikuegemea.

Asiyeifanya kazi hii ataona ni upuuzi. Lakini ukichomoa kitabu kwenye rafu, majirani zake huinamia pale palipobaki wazi, kama watoto wanaolala kitanda kimoja mmoja wao akiamka. Ndiyo maana maktaba ya chuo, tangu zamani, ilikuwa na vibao. Kitabu kikienda kwa fundi kujalidiwa upya, mahali pake huwekwa kipande cha mbao chenye unene uleule, kishike nafasi mpaka mwenyewe arudi. Sasa kompyuta inajua kila kitabu kilipo, na msimamizi alikuwa ameagiza vibao viondolewe. Mama Rafu hakubisha. Vibao vilimchoma vidole miaka yote, na msimamizi, mtu wa watu, alimruhusu avichukue akawashie jiko.

Jana alikuwa amekichomoa kibao cha rafu ya mwisho. Kilikuwa cheusi, kimeng'ang'ania kama gego. Kilipotoka, vitabu vya pande zote mbili vilibaki wima, vimebanana na hewa, kana kwamba katikati yao kuna kitu kimekaa. Akachungulia. Hakuona kitu. Akanusa karatasi iliyoloa na gundi iliyochacha.

Kule chini hakuna wa kupiga naye soga, kwa hiyo Mama Rafu alikuwa na mazoea ya kuvisemesha vitabu. "Haya, wewe usiyeonekana," alisema. "Unabanana huku gizani, na kwangu kuna kiti hakikaliwi tangu mwenyewe aondoke. Si bora uje ukikalie wewe?"

Akacheka peke yake, akakitia kibao kwenye mfuko na vingine. Jioni ile kilichemsha maji ya kuoga, mambo yakaisha. Au ndivyo alivyodhani.

"Mama Rafu," mlinzi alisema. "Simu yako huko juu imelia mpaka nimeionea huruma. Nikaipokea. Ni mwalimu wa Kidoti."

Kidoti alikuwa kitinda mimba wake. Mama Rafu akainuka. "Anaumwa?"

"Haumwi. Mwalimu anauliza kama mtoto atakuwa anachukuliwa mapema kila siku, ili ajue."

"Achukuliwe na nani?"

"Na babake. Amemchukua leo kabla ya mapumziko." Mlinzi, ambaye hakuwa na muda mrefu kazini, alimwona alivyobadilika. "Mbona unaniangalia hivyo, mama?"

"Babake tulimzika mwaka juzi."

Mkono wa mlinzi ulitafuta ukuta.

Mkoba wa Mama Rafu ulikuwa kwenye chumba cha Fundi Gundi, mjalidi wa vitabu, pale chini ya ngazi. Alipouchukua alimweleza kwa maneno machache. Fundi Gundi, ambaye huzungumza brashi ikiwa mkononi na chai ikiwa mdomoni, aliviweka vyote chini.

"Kibao cheusi cha rafu ya mwisho? Kiko wapi?"

"Nimekichoma."

"Kile hakikuwa cha kitabu," alisema polepole. "Aliyenifundisha kazi alikikuta palepale, akaambiwa asikiguse, nami nikaambiwa hivyohivyo. Nilijua msimamizi anaondoa vibao, nikadhani havitafikiwa vya mwisho. Uzembe wangu. Kilichokuwa nyuma ya kibao kile hakina mahali pake duniani, Mama Rafu. Kikiona upenyo, kinaingia. Ulikisemesha?"

Mama Rafu aliinamisha macho kwenye mkoba.

"Ulikiambia nini?"

"Kwamba kwangu kuna kiti kitupu."

Fundi Gundi alifumba macho. "Rafu ikiwa imejaa na ukaingiza kitabu kingine, inakuwaje?"

"Kimoja kinatoka."

"Basi kimbia."

"Twende wote. Wewe ndiye unayekijua."

"Mimi kwako ni mgeni, na hakiwezi kumtii mgeni. Nitachonga kibao kipya, nikae hapa kwenye rafu. Kikitoka kwako hakina pa kwenda ila hapa. Vitabu vikisimama wima tena, nitajua kimerudi, nitakibana nacho."

"Na kukitoa kwangu?"

"Nyumba ni yako, mama," alisema Fundi Gundi. "Na mwaliko ulikuwa wako."

Nyumbani alimkuta Kidoti mzima, sare mwilini, ameketi mezani juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hiyo ndoo ndiyo ilikuwa kiti chake. Viti vya nyumba ile vilikuwa vinatosha watu wote, lakini kimoja kilikuwa cha marehemu, na Bibi, mama wa marehemu, hakuruhusu mtu akikalie. Hukifuta vumbi kila asubuhi, hukisukuma chini ya meza, basi.

Leo kiti kilikuwa kimevutwa nje ya meza, kama kivutwavyo na mtu aliyekaa akanyoosha miguu.

"Amerudi," alisema Bibi kutoka jikoni. Alikuwa anatabasamu, na alikuwa amevaa nguo yake ya sikukuu. "Usipige kelele, amechoka."

Ile harufu ilikuwa imejaa chumba: karatasi iliyoloa, gundi iliyochacha. Mama Rafu alimvuta mwanawe karibu.

"Aliyekuchukua shule alikuwaje?"

"Kama baba wa kwenye picha," Kidoti alinong'ona.

Picha ya ukutani ilimwonyesha marehemu mpaka kifuani tu.

"Na chini?"

"Aliniambia nisiangalie chini." Mtoto alifuta kiganja chake kwenye sketi. "Mkono wake ulikuwa wa baridi, mama. Mkavu kama jalada."

Mtu mwingine angewabeba wanawe akakimbia. Mama Rafu aliliwaza hilo, akaliacha. Ukimkimbia mgeni, umemwachia nyumba, na nyumba hii aliilipia peke yake kwa mgongo uliokwisha kupinda kwa kusukuma toroli. Akakigeukia kiti.

"Umekosea mtu," alikiambia. "Marehemu hakumchukua mtoto shule hata siku moja. Hakuijua hata njia. Ungekuja umelala sebuleni na gazeti usoni, labda ningekuamini."

Kiti kililia kidogo, kama mbao ikibebeshwa uzito.

Jua lilipoanza kushuka, mwanawe mkubwa, Dada, alirudi kutoka sekondari. Akamwamkia Bibi, akamwamkia mama, akasema anakwenda bombani kuchota maji, akaiinamia ndoo na kuivuta. Kidoti, aliyekuwa juu yake, akaanguka sakafuni. Dada alitoka na ndoo bila kugeuka.

"Wewe," Mama Rafu alimwita. "Mdogo wako umemwona?"

Dada alisimama mlangoni. Alikunja uso kama mtu anayetafuta jibu la mtihani. "Mdogo wangu nani?" Kisha akashtuka, akaweka mkono mdomoni. "Kidoti. Samahani, Kidoti. Sijui nimepatwa na nini."

Kidoti hakulia. Hilo ndilo lililomtisha mama yake zaidi, kwa sababu Kidoti alikuwa mtoto wa kulia hata kalamu ikianguka. Alisimama tu kando ya ukuta, na mwanga wa dirishani ulimpitia vibaya, kama unavyopita kwenye karatasi nyembamba.

Mama Rafu alipika. Alipika huku akijisemea majina ya watu wa nyumba yake kimoyomoyo, asije akapoteza hata mmoja, na kila alipofika kwa mtoto wa mwisho ulimi ulikuwa mzito kidogo, kisha mzito zaidi, kama mtu aliyetaka kusema jambo akaligutukia limemtoka, na nyuma ya mlango alisikia Bibi akicheka polepole na mtu, na sauti ya mtu huyo ilikuwa ya marehemu ila haikuwa na pumzi, haikuvuta hewa kati ya neno na neno, ilisomeka tu kama maandishi, na moshi wa jiko ulinuka gundi, na maji yaliyochemka yalinuka gundi, na mikono yake mwenyewe, alipoifuta usoni, ilinuka gundi, mpaka akapakua chakula, akabeba sinia mezani, akaweka sahani ya Bibi, sahani ya Dada, sahani yake, na sahani iliyobaki akaiweka mbele ya kiti kilichovutwa, akaketi, akashukuru, akainua mkono apeleke tonge mdomoni, akaona kwamba kando ya ukuta amesimama mtoto asiye na sahani, mtoto wa nani, amekuja lini, mbona ana kidoti shavuni.

Tonge likamdondoka.

"Kidoti," alisema. Jina lilitoka kwa shida kama kile kibao kilivyotoka. "Kidoti. Kidoti."

Alinyanyuka, akachukua ile sahani mbele ya kiti. Ilikuwa ya baridi kiasi cha kuchoma. Chakula kilichokuwa kikitoa mvuke sasa hivi kilikuwa kijivu, kikavu, kinachubuka kama kurasa zilizoliwa na wadudu. Akakimwaga jalalani, akammegea Kidoti chakula cha sahani yake mwenyewe.

"Mke wangu," kiti kilisema kwa sauti ya marehemu. "Nina njaa."

Dada alishika ukingo wa meza. Machozi yalimtiririka Bibi. "Mpe," alinong'ona. "Nakuomba, mwanangu. Mpe ale. Mtoto tutamtafutia baadaye."

"Mtoto gani, Mama?" Mama Rafu aliuliza. "Mtaje."

Bibi alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Aliangalia kando ya ukuta, akaangalia kiti.

"Humkumbuki," alisema Mama Rafu. "Hata mimi nilikuwa nimemsahau. Kesho hatakuwepo, na hatutajua kwamba aliwahi kuwepo. Nakuuliza jambo moja tu, wewe uliyemzaa marehemu. Mwanao, pamoja na uvivu wake, aliwahi kula kabla mtoto hajala?"

Mahali fulani chini ya meza kitu kilisuguana na kitu, polepole, kama kurasa zikifunguliwa na kidole kilicholowa mate.

"Usimsikilize, mama," kiti kilisema. "Ni mimi."

Bibi alijifuta uso kwa nguo yake ya sikukuu. "Mwanangu alikuwa na makosa yake," alisema, na sauti yake ilipanda kwa kila neno. "Mvivu wa njia. Mpenda usingizi. Lakini tonge la kwanza lilikuwa la mtoto, tena wakati mwingine na la mwisho. Nimekifuta kiti hiki nikijidanganya kwamba kuna atakayerudi. Wewe si mwanangu." Akamgeukia mkwewe. "Nimekiachia. Kikalie."

Mama Rafu aliijua sheria ya rafu. Kibao ni cha kitabu kitakachorudi. Kitabu kilichopotea moja kwa moja hakishikiwi nafasi; unavisogeza vilivyobaki, unaziba, kazi inaendelea. Inauma mara ya kwanza. Lakini rafu yenye upenyo ni rafu inayoanguka.

Akakizunguka kiti, akakunja sketi yake, akakaa.

Alikaa juu ya kitu. Kilikuwa na magoti. Baridi ilimpanda mgongoni mpaka kwenye meno, na mikono miwili mikavu ikamzunguka kiunoni, na ile sauti isiyo na pumzi ikaanza kumsomea sikioni mambo yote ambayo hakuwahi kumwambia mtu, jinsi alivyochoka, jinsi alivyowahi kutamani siku moja tu nyumba iwe tupu, bila wa kumpikia wala wa kumhesabu, na kwamba ingewezekana, ainuke tu, ainuke kidogo, mmoja tu atoke na asingeumia kwa sababu asingekumbuka, na Mama Rafu alisikiliza yote, kwa sababu yalikuwa kweli, huku akikaza vidole kwenye ukingo wa meza na kuegemeza uzito wake wote chini, uzito wa mama aliyezaa na kulea na kubeba vitabu ngazi hadi ngazi.

"Nimechoka, ndiyo," alisema. "Nani hajachoka? Uchovu wangu si mlango wako. Nilikukaribisha, sasa nakufukuza. Hapa pamejaa. Dada, sukuma kiti changu, mdogo wako akikalie. Ndoo ipeleke bafuni inakostahili."

Dada alimshika Kidoti mkono. Alimshika kwa nguvu, kama mtu asiyetaka kusahau tena, akamketisha kwenye kiti cha mama.

"Kula," alisema Mama Rafu.

Kidoti aliangalia kiunoni kwa mama yake, akaona alichokiona, na macho yakamtoka. Lakini alichukua tonge. Akatafuna. Akameza.

Mikono kiunoni ilikaza mara moja, kwa uchungu, halafu ikalegea kidole kwa kidole. Mama Rafu alishuka kidogo, sentimita chache tu, mpaka mifupa yake ikagusa mbao. Mbao tupu, ngumu, ya vuguvugu. Dirisha lililofungwa likatikisika. Tonge la pili likamponyoka Kidoti, akalitazama sakafuni, akaanza kulia kwa sauti kubwa, na hakuna aliyemnyamazisha.

Simu iliwaka mezani. Alikuwa Fundi Gundi.

"Vimesimama," alisema, akihema. "Vimesimama wima vyote kwa pamoja, Mama Rafu, mbele ya macho yangu. Nimekigongomea kibao mpaka nyundo imevunjika mpini. Msimamizi yuko hapa, ameona mwenyewe. Anasema vibao vyote virudi."

"Mwambie kesho nitavichonga mwenyewe," alisema Mama Rafu. "Vilaini safari hii. Nina watu wanakula hapa."

Akakata simu. Alipakua upya, chakula kidogo kikagawanywa kila mtu akapata. Kisha, akiwa bado kwenye kiti cha marehemu, alifanya kile alichoapa kukifanya kila jioni kuanzia hapo.

"Bibi."

"Nipo."

"Dada."

"Nipo, mama."

"Kidoti."

"Nipo," alisema Kidoti, mdomo umejaa, makamasi yanamtiririka.

"Na mimi nipo."

Chini yake kiti kililia kidogo, mara moja, kama kinachouliza. Mama Rafu alijikalisha vizuri zaidi, akakiegemea kwa mgongo wake wote.

"Wewe hukuitwa," alikiambia. Kisha akawageukia watu wake. "Kuleni. Chakula kinapoa."