Kadi Chini ya Kikombe

Nyumbani kwa Bi Mwamina, kule Mandawa, buibui hauawi. Anatolewa.

Mende naye anatolewa, na tandu, na hata nyenje anayepiga kelele kama mshenga aliyecheleweshewa mahari. Si kwamba Bi Mwamina ana huruma. Huruma hana, muulize mkwewe. Ni kwamba mama yake alimfundisha hivyo, na mama yake naye alifundishwa, kwamba nyumba yenye kichanga ambaye hajatimiza siku arobaini haitolewi kiumbe roho ndani yake, hata kiwe kidogo kama mbegu ya ufuta. Ukimponda humo, anatafuta pumzi nyingine. Na pumzi iliyo karibu ni ile ndogo iliyolala ndani ya chandarua.

Kwa hiyo kila jua likianza kuzama Bi Mwamina alipapasa juu ya ukuta, pale bati linapokutana na boriti, akashusha vyombo vyake: kikombe chekundu cha plastiki kilichokatika mkono, na kipande cha boksi la sabuni. Anamfunika mdudu kwa kikombe. Anapenyeza boksi chini yake, taratibu, asimkate mguu. Halafu anambeba mpaka kwenye kichuguu nyuma ya mikorosho, anafunua, anageuka. Yote hayo kabla ya adhana ya magharibi. Njiani hasemi na mtu, maana akijibu sauti ya njiani, ameifungulia mlango. Na hambebi juu ya kitu chenye jina la mtu, iwe barua au daftari la shule, kwa sababu mdudu anayetolewa akikanyaga jina, anaondoka nalo.

Fauzia, mkwewe, alizaliwa Nachingwea mjini. Kwake haya yalikuwa mambo ya kuchekesha.

"Mama, siku hizi kuna dawa ya kupuliza. Psss! Wote chali."

"Kapulize kwenu Nachingwea. Hapa puliza moto, kunde hazijaiva."

Siku yenyewe ilikuwa ya thelathini na nane. Abdulatifu, baba wa mtoto, alikuwa huko huko Nachingwea kwa fundi, pikipiki ilikuwa imemfia. Nyumbani walibaki wanawake watatu: bibi, mama, na yule mdogo. Jina la mdogo, Shakila, lilisomwa siku ya saba, lakini halikuwa limevuka kizingiti. Kwa majirani aliitwa "mgeni" tu, mpaka arobaini itimie.

Mvua ilinyesha mchana kutwa, bati likavuja. Ilipokatika, jua lilikuwa limeshaisha na sola haikupata kitu cha kula, taa ikawa inamulika kama jicho la mgonjwa. Fauzia alikuwa uani anageuza kunde. Bi Mwamina aliinama juu ya chandarua kumwangalia mjukuu.

Akamwona.

Buibui. Mkubwa kama kiganja cha mtoto wa miaka mitano. Ametulia juu ya chandarua, sawasawa na uso wa kichanga. Rangi yake ilikuwa ya majivu yaliyolowa, na tumboni amekumbatia kifuko cheupe, cha mviringo, cha mayai yake. Amekikumbatia kwa miguu miwili ya mbele. Kama mzazi anavyopakata.

Bi Mwamina ameona buibui wengi. Huyu hakukimbia.

Msikitini kipaza sauti kikakohoa. Muadhini alikuwa anasafisha koo.

"Haya, mzazi mwenzangu," akanong'ona Bi Mwamina, "hapa si kwako." Akapapasa juu ya ukuta. Kikombe, hiki hapa. Boksi... vidole vikagusa kitu kigumu, chembamba, akakivuta. Macho yake yana mtoto wa jicho, na hata yangekuwa mazima, maandishi kwake ni msururu wa sisimizi. Darasani alikaa miezi minne tu, akaitwa shamba kufukuza nyani. Akafunika. Akapenyeza. Buibui akapanda mwenyewe juu ya kile kitu, mguu mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayekaribishwa mkekani.

Akatoka naye.

Njia ya kwenye mikorosho ilikuwa tope. Vyura walikuwa wanalia, halafu wakanyamaza wote pamoja. Akasikia harufu. Maziwa. Maziwa ya mama yaliyochacha kwenye nguo.

Mbele yake, pembeni ya kichuguu, mwanamke amesimama. Mzee kuliko yeye, mzee sana, mgongo umepinda mpaka kidevu kinakaribia magoti. Mgongoni amefunga kitu kwa kanga iliyopauka. Bi Mwamina hakumjua, na Mandawa anawajua wote, mpaka wanaomdai chumvi.

Yule mzee akainua uso.

"Shikamoo."

Mtu wa umri ule hampi shikamoo Bi Mwamina. Bi Mwamina ndiye angepaswa kumwamkia. Lakini kinywa kilichozoea adabu miaka sitini hakisubiri ruhusa ya mwenyewe.

"Marahaba," kikajibu.

Adhana ikalia.

Kikombe kikayumba, kile kitu kikamponyoka, kikaangukia kwenye kichuguu na buibui akiwa juu yake. Bi Mwamina alipoinua macho, pale pembeni hapakuwa na mtu. Hata unyayo kwenye tope haukuwepo. Akarudi mbio, mbio za mwanamke mwenye magoti mabovu, kikombe mkononi.

Fauzia alikuwa chumbani, anapekua.

"Mama, umeiona kadi ya kliniki ya mtoto? Ililowa na mvua, nikaianika juu ya ukuta pale kwenye boriti."

Bi Mwamina akakaa kitandani.

"Na boksi langu?"

"Lile la sabuni? Nililiwashia moto. Kuni zilikuwa mbichi..." Fauzia akamtazama. "Mama. Kuna nini?"

Nje, kwenye mikorosho, mtu alikuwa anasoma.

Sauti ya kike, ya chini. Inasoma polepole, kwa kuburuza, kama mtoto wa darasa la kwanza anayefuata mstari kwa kidole.

"Jina... la mtoto... Shakila... Abdulatifu."

Kichanga kilikuwa kinalia njaa. Kikanyamaza.

Hakikulala. Macho yalikuwa wazi, yanatazama bati. Fauzia akakinyakua, akakipa ziwa. Mdomo haukufunga.

"Hanyonyi! Mama, hanyonyi! Nani huyo nje? Nani amemtajia jina?"

"Umemtajia wewe kwa kalamu, mimi nikampelekea."

"Uzito..." ikasema sauti. Sasa ilikuwa karibu kidogo. "Kilo... mbili... gramu... mia tisa."

Fauzia akatoa mguno. Akamshusha mtoto kidogo, akampandisha, kama anayepima mchele. Akageuza uso kwa mkwewe, na uso ule ulikuwa umekauka.

"Mama... amekuwa mwepesi."

Bi Mwamina akaweka kiganja chini ya mgongo wa mjukuu. Ilikuwa kama kushika kifurushi cha pamba. Unaona nguo, unaona mtoto, lakini mkono haubebi kitu.

"Kwenye ile kadi," akauliza, "baada ya uzito kinafuata nini?"

"Tarehe ya kuzaliwa. Halafu... halafu jina la mama."

"Na hapo ndipo anapopataka. Akishasoma mstari huo, kesho mtoto ana mama mwingine."

Fauzia akaruka, akarudi na mchi wa kinu. "Basi twende tukamponde! Tumponde afe!"

"Mponde juu ya jina la mwanao, halafu uniambie umeponda nini." Bi Mwamina akamnyang'anya mchi, akautupa pembeni. "Kaa na mtoto. Mshike kifuani, ngozi kwa ngozi. Na ukisikia salamu yoyote kutoka nje, hata ikiwa sauti yangu, meza ulimi."

Akatoka na kikombe chake chekundu. Tochi ya simu hakuichukua, hajui inawashwaje.

Giza lilikuwa bado changa, lile la kati ya magharibi na isha, mti unaonekana mti lakini huwezi kuhesabu matawi. Harufu ya maziwa ilimpokea mlangoni. Ilizidi kwa kila hatua.

"Tarehe..." ikasema sauti.

Hapakuwa na mtu kwenye kichuguu. Kadi ilikuwa imelala juu kabisa, imefunguka. Juu yake buibui, na kifuko chake. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umenyooshwa, unagusa karatasi, unasogea. Kushoto kwenda kulia. Kushoto kwenda kulia. Ukifika mwisho, unashuka mstari.

Na sauti ilikuwa inatoka chini, ndani ya kichuguu, kwenye yale matundu ya mchwa. Yote.

Mikono ilimwasha Bi Mwamina. Kandambili ilikuwa mguuni, kipigo kimoja tu na yote yangekwisha. Akaivua... akaitupa nyuma, mbali, asije akajisahau. Amewatoa wadudu miaka sitini, anajua kazi yake. Mdudu hatolewi kwa kufukuzwa. Mdudu anatolewa kwa kupewa mahali pengine pa kukanyaga.

Na huyu hawezi kushuka kwenye jina bila kupewa jina.

Akafungua fundo la kanga yake. Ndani kulikuwa na ugoro, na kitambulisho chake cha taifa, kile alichokipangia foleni siku mbili Ruangwa mjini na kupigwa picha akiwa amekunja uso kama aliyeonja shubiri. Jina lake lilikuwa humo. Hakuwahi kulisoma, lakini aliambiwa lipo.

Akakiweka ukingo kwa ukingo na kadi ya mtoto. Kikombe nyuma ya buibui, kwa upole, kumwonyesha njia.

"Jina..." ikasema sauti, "...la mama..."

"Nenda," akasema Bi Mwamina moyoni. Kinywa alikifunga. "Huku pana jina lililokomaa. Hilo bichi liache."

Mguu ule ukasimama. Ukageuka. Ukagusa kitambulisho, ukapapasa, pale penye picha.

Ukavuka. Wa pili ukavuka. Kifuko kikaburuzika, kikavuka. Bi Mwamina aliona kitu kikigeuka ndani ya kile kifuko. Si mayai. Kilikuwa kimoja.

Mguu wa mwisho ulipoachia kadi, nyumbani mtoto akapiga kelele. Kelele nene, ya hasira, ya njaa. Bi Mwamina akaivuta kadi, akaiingiza kifuani, akaanza kurudi nyuma bila kugeuka.

Kichuguu kikanong'ona, kwa kuburuza, kama anayejifunza:

"Mwa... mi... na."

Alipoingia ndani, Fauzia alikuwa amekaa sakafuni, mtoto ananyonya mpaka anakoroma. "Amerudi uzito, mama! Mshike, mshike uone!" Bi Mwamina akamshika. Mzito kama mtoto wa watu. Akamrudisha haraka.

"Kesho ukianika kitu," akasema, "anika kwenye kamba. Kamba ziko mbili uani, hazina kazi."

Asubuhi walikwenda wote kwenye kichuguu, mchana kweupe. Kitambulisho hakikuwepo. Kwenye kadi, mstari wa jina la mama ulikuwa umefunikwa na utando mweupe, mwembamba. Fauzia akaufuta kwa ncha ya kanga. Chini yake, herufi ya kwanza ya jina lake ilikuwa imeliwa. Moja tu. Akasema ni mchwa, mchwa wanapenda karatasi iliyolowa. Bi Mwamina akasema ndiyo, ni mchwa. Kuna ukweli ambao mzazi anayenyonyesha hauhitaji.

Arobaini ikapita, wali ukaliwa, mtoto akaitwa kwa jina lake nje ya mlango, na anazidi kunenepa.

Wiki iliyofuata jirani yao Teodosia alipita kuomba kinu.

"We Bi Mwamina, juzi umenidharau! Nimekuona stendi ya Ruangwa, nikakuita kwa jina, ukageuka, ukacheka tu. Na mjukuu umembeba mgongoni, jua lote lile, hata kumfunika!"

Bi Mwamina hajatoka Mandawa tangu mtoto azaliwe.

"Alikuwa amepinda mgongo, huyo uliyemwona?" akauliza.

"Kidogo. Nikasema umri huo, unakuja kwa kasi." Teodosia akacheka. "Lakini mtoto mweupe, mashallah. Mweupe kama yai."

Fauzia sasa ndiye anayewatoa wadudu. Hacheki tena. Anatumia kipande cha boksi kisicho na hata chapa, na njiani midomo yake imebanwa kama mfuko wa ugoro. Dawa ya kupuliza hajaitaja.

Bi Mwamina hatoki jioni. Jua likianza kuzama anakaa kitandani, anakunja pindo la kanga yake mara mbili, tatu, anajaza kinywani, anauma kwa meno aliyobakiza. Fauzia anadhani ni jino linamuuma.

Halafu anasubiri. Kipaza sauti kinakohoa. Vyura wananyamaza. Harufu ya maziwa inapita chini ya mlango, na sauti, ya heshima, inayomtaja kwa jina lake kamili na haiburuzi tena, inasema:

"Shikamoo."

Na kila jioni, nyuma ya kanga, ulimi wake unanyanyuka.