Mshiriki Namba Kumi na Saba

Dodoso alichekwa na watu kumi na wawili kwa mpigo, na ubaya zaidi, yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka, kabla hajajua kinachochekwa ni nini.

Ilikuwa kwenye mkutano wa Jumatatu asubuhi. Mkuu wa utafiti, daktari wa kike mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliomba mtu mmoja awasikilizishe wenzake mahojiano ya mfano, yale ambamo mshiriki amefunguka kweli. Dodoso akanyoosha mkono kama mtoto wa chekechea. Alikuwa muuguzi wa miaka ishirini na mbili kazini, mwenye tumbo lililozoea kumtangulia mlangoni. Alikwishafanya kazi katika hospitali za nchi nne, na kila alikotoka alirudi na vichekesho vingi na viatu vibovu. Jina la Dodoso walimbandika wenzake tangu alipohamia kwenye utafiti, maana hakuonekana tena bila bunda la karatasi za maswali kwapani. Utafiti wenyewe ulikuwa na swali moja kubwa: kwa nini mtu mwenye virusi vya UKIMWI aanze dawa vizuri, apate nguvu, anenepe, halafu aache?

Washiriki waliitwa kwa namba, majina yao yasitoke nje. "Huyu wa kumi na saba," Dodoso aliwatahadharisha, "mtaomba leso."

Akabonyeza kinasa sauti. Sauti yake ikajaa chumba: karibu mama, keti, jisikie nyumbani, hapa hata mende wetu wameapa kutunza siri. Akacheka kwa kukumbuka, na wenzake wakamfuata. Kisha akasikika akiuliza swali la kwanza. Kimya. "Aisee, pole sana," ilisema sauti yake. Swali la pili. Kimya. "Haa, hapo umenimaliza." Dakika zikapita za mtu anayeuliza, ananyamaza, anaguna, anashukuru, wala hakuna wa kumjibu. Muuguzi wa wodi ya watoto akasema taratibu kwamba Dodoso amehoji kiti, na hapo chumba kikapasuka kwa vicheko.

Dodoso alijitetea. Mshiriki alikuwa mwanamke mfupi, alisema, mwenye mtandio wa kijani, amekaa pembeni mwa kiti kama anayeogopa kukichafua. Wakamuuliza sura yake ikoje. Akaitafuta sura ile kama mtu anayepapasa funguo mfukoni na kukuta tundu.

Mkuu wa utafiti hakucheka sana. Fomu iliyojazwa bila mtu, alisema, kwenye kazi yao ina jina moja tu, nalo ni kughushi. Akampa hadi Ijumaa amlete mshiriki huyo, la sivyo namba ifutwe.

Mtu mmoja hakuwa amecheka kabisa. Ni Mama Nukuu, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza mahojiano na kuyaandika neno kwa neno, mwenye masikio ya kutofautisha mtu anayeshusha pumzi na anayepiga miayo. Alimfuata Dodoso hadi kwenye korido.

"Kaka, ule mlio umeusikia?"

"Mlio gani tena?"

"Kila ukinyamaza, kuna kitu kinatikiswa. Kama vidonge ndani ya chupa."

Mchana ule, wagonjwa walipokwisha, Dodoso alijifungia chumba namba sita cha mahojiano akaitoa fomu. Mwandiko ulikuwa wake, herufi zinazokimbia kama kuku waliotishwa. Dawa zako unaziweka wapi? Ndani ya pakiti ya sabuni ya unga. Unafanya nini watu wasijue umezibeba? Natia pamba kwenye chupa, vidonge visilie. Ni nani nyumbani hukutaka ajue? Kaka yangu. Ni muuguzi. Likafuata swali la kumi na mbili: Kwa nini? Hapo palikuwa patupu.

Wauguzi wenye dada ni wengi, alijiambia, akajaribu kucheka, akaacha. Kwa maana harufu ilikuwa imeshaingia chumbani, na mle hamkuwa na kitu kinachofuliwa. Ilikuwa harufu ya sabuni ya unga, ile kali inayopanda puani na kuchoma macho.

Mdogo wake wa kike alikuwa fundi cherehani. Aliishi kwake miaka sita, pamoja na mama yao, akafariki miaka mitatu iliyopita. Nguo za nyumba nzima alizifua yeye, na pakiti yake ya sabuni hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata Dodoso akawa anamwita mchoyo wa mapovu. Alianza kukonda, akakohoa, akalazwa. Daktari alisema ni nimonia, kisha akaangalia chini. Muuguzi wa miaka yote ile anajua macho ya daktari yakishuka namna ile yanashukia nini. Lakini siku ile Dodoso alitia pamba masikioni, akauliza habari za jeneza.

Na kulikuwa na lile igizo lake. Wakati huo alikuwa zamu ya kliniki, na jioni wakila aliwaigizia wagonjwa wanavyotoka kuchukua dawa: alizunguka meza kwa ncha za vidole, shingo kaificha mabegani, mkoba wa kufikirika kaukumbatia, huku ulimi wake ukipiga mlio wa vidonge vinavyomsaliti mwenyewe. Chaka, chaka, chaka. Mama yake alikuwa akifuta machozi kwa kicheko. Mdogo wake alicheka kuliko wote, hadi akashika meza.

Sasa Dodoso alitaka jambo moja tu, na wala halikuwa kuokoa namba yake. Alitaka jibu la swali la kumi na mbili.

Jumatano alimwomba Mama Nukuu akae nje ya chumba namba sita, mlango ukiwa wazi kidogo, amwone huyo mshiriki akiingia ili awe shahidi. Ilikuwa saa kumi jioni, jua bado linapiga dirishani, feni inazunguka kwa kukwaruza. Alikaa akasubiri. Kwanza ilikuja harufu. Kisha mlio, mbali, kama unatoka mwisho wa korido, ukipita dirisha la dawa, ukipita mizani ya kupimia watoto, ukikaribia bila haraka, chaka, chaka, na kadiri ulivyokaribia ndivyo mikono yake ilivyopoa juu ya karatasi, hadi akamwona amekwishakaa mbele yake, mtandio wa kijani, magoti yamebanwa, na pale penye uso macho ya Dodoso yakawa yanateleza kila akijaribu kuyatuliza, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ndani ya maji, naye akauliza la kwanza na la pili na la tatu kwa sauti isiyokuwa yake kwa woga, akajibiwa yote, akayaandika yote, hadi alipofika kwenye lile la kumi na mbili, ambapo yule mwanamke aliifungua chupa, akachomoa pamba iliyolowa, ndefu, akawa anaivuta na kuivuta na haiishi, na chumba kikawa kimya kiasi kwamba hata feni haikusikika.

"Mdogo wangu," Dodoso alinong'ona. "Kwa nini?"

Akashtuka Mama Nukuu amemshika bega.

"Umemwona?" aliuliza Dodoso. "Amepita mlangoni kwako."

Mama Nukuu alimwambia atazame alipokaa. Dodoso akatazama. Alikuwa upande wa pili wa meza, kwenye kiti cha mshiriki, na mikono yake imebana magoti.

"Hakuingia mtu," alisema Mama Nukuu, kwa sauti ya chini kama yuko wodini. "Ulikuwa unauliza, unainuka, unazunguka meza kwa ncha za vidole, unakaa huku. Halafu unarudi kuandika."

"Na ule mlio?"

"Unatoka kinywani mwako, kaka. Unaupiga kwa ulimi."

Ijumaa mkuu wa utafiti aliichukua kalamu nyekundu akaipiga mstari namba kumi na saba, akasema kwa huruma kwamba huenda Dodoso anahitaji likizo. Dodoso alimshukuru, akatania kwamba ataitumia kuhoji na meza. Lakini namba ilifutika kwenye orodha tu. Jumanne iliyofuata alikuwa anamhoji mama mmoja kijana, wiki ya sita tangu aanze dawa, mkoba wake mapajani. Yule mama alikuwa anaeleza jinsi anavyomeza vidonge vyake chooni, bomba likiwa wazi mume asisikie, mara mlio ukaanza. Chaka, chaka. Mama kijana akaukumbatia mkoba, akautazama, kisha akamtazama Dodoso mdomoni. Macho yakamjaa machozi. Akautua mkoba mezani na dawa zake zote ndani, akainuka, akatoka mbio.

Mama Nukuu ndiye aliyemkimbilia hadi getini. Alimbembeleza muda mrefu, na yule mama akakubali kurudi, kwa sharti kwamba atahudumiwa na muuguzi mwingine yeyote, hata mfagiaji, ilimradi si yule bwana anayewakejeli watu.

Dodoso alikaa kwenye ngazi za stoo, kichwa mikononi. "Dada," alimwambia Mama Nukuu, "mimi watu wamenikimbia kwa sababu nyingi, hata kwa kuimba. Si kwa hili."

Kesho yake jioni Mama Nukuu alimleta shangazi yake. Alikuwa mganga anayejulikana kwa kushusha majini, bibi mkavu, mfupi wa maneno, aliyevaa kandambili na kubeba kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri kama shuka la hospitali. Alisimuliwa yote. Hata sehemu ya kinasa sauti haikumchekesha.

"Wenzako walisema umehoji kiti," alisema. "Hujui sisi kiti tunamwita nani?"

Dodoso alijua, kama kila mtu anavyojua. Mtu aliyepandwa na jini ndiye kiti chake. Jini halina makalio, hukaa ndani ya watu.

"Kiti ni wewe," alisema mganga.

Dodoso alimuuliza, kwa sauti iliyokatika, kama aliyempanda ni jini au ni marehemu mdogo wake. Mganga akasema majini hupenda nyumba yenye neno lililozuiwa, huingia na kulilalia kama kuku anavyolalia yai, na sauti huiazima kwa mwenye neno. Hili lilikuja na sauti ya mtu wake. Likishatamka litatoka. Zaidi ya hapo yeye hajui, na anayesema anajua ni mwongo.

Walikitumia chumba kile kile namba sita. Mganga alikataa kinasa sauti, akamruhusu Mama Nukuu awe na kalamu na daftari. Akamkalisha Dodoso kwenye kiti cha mshiriki, akamfunika kichwa kwa kitambaa, akaweka glasi ya maji mezani, kisha akamwambia Mama Nukuu amsomee maswali, yote, kuanzia la kwanza. Dodoso alikumbuka harufu ya sabuni ikija kwa nguvu kiasi cha kumfanya alie machozi, akakumbuka ulimi wake ukiinuka wenyewe kinywani kama mnyama aliyeitwa. Baada ya hapo hakukumbuka kitu.

Alipozinduka, kitambaa kilikuwa kimelowa jasho na ulimi unamuuma. Harufu haikuwepo. Feni ilikuwa inakwaruza kama kawaida yake. Mganga alikuwa anakunja vitu vyake. Mama Nukuu alikuwa na macho mekundu, daftari amelibana kifuani.

"Amejibu?" aliuliza Dodoso.

"Amejibu."

"Kwa ule mlio?"

"Kwa maneno, kaka. Sauti yako, maneno si yako."

Akamwomba asome swali la kumi na mbili. Mama Nukuu alisita, akamtazama shangazi yake, kisha akasoma kama alivyofundishwa, bila kuongeza wala kupunguza.

"Kaka alipotuigizia wagonjwa nilicheka kuliko wote. Kesho yake nikatia pamba kwenye chupa. Pamba ikawa haitoshi, kila nikitembea naisikia inalia. Nikaona ni rahisi kuacha. Sikumwambia, kwa sababu nyumba nzima yeye ndiye aliyekuwa akinichekesha. Ningemwambia, asingethubutu kunichekesha tena. Nilitaka pale mezani niwe mzima kama wengine."

Dodoso alilitazama daftari. Huyu ni mtu aliyepata kutoa kichekesho kwenye mazishi matatu, katika nchi tatu, na hata wafiwa wakamshukuru. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakukuta kitu humo ndani. Walimwacha alie. Alilia kwa kujikunja, bila sauti, tumbo lake kubwa likitikisika kama la mtu anayecheka.

Baadaye alijifuta kwa kile kitambaa cheupe, akamgeukia Mama Nukuu.

"Na mimi? Alisema amenisamehe?"

Mama Nukuu alifunua ukurasa, akaurudisha, akafunua tena, akishuka mistari kwa kidole kama mtu anayetafuta kitu anachojua hakipo. Mganga akamshika mkono, akalifunga daftari.

"Hakusema."